Duara la Mma Gaolatlhe

Tarehe 31 Oktoba, Mma Gaolatlhe Modukanele anastaafu baada ya miaka kumi na tisa akiwa mkaguzi mkuu wa programu hapa kampuni ya Thobo, Gaborone. Mimi Oratile, kiongozi wa waandishi wa programu, nimeombwa wasifu wa kuchangamsha. Nimejaribu, umenishinda.

Alitukuta watu sita tukitengeneza programu ya wafugaji ya kusajili ng'ombe. Sisi tulijua kompyuta, yeye alijua ng'ombe. Kila toleo alilijaribu akiwa amevaa glavu za zizini, akitukumbusha kwamba mfugaji hanawi mikono kwanza ndipo ashike simu. Vitufe vyetu vikubwa mnavyovisifu ni kazi ya glavu zile.

Kubwa zaidi lilikuwa duara. Kabla toleo halijatoka alitukalisha uani, kila mtu na kiti chake cha kukunja, kama tuko kgotla, barazani kwa chifu. Aliyeajiriwa mwisho alisema kwanza, mkurugenzi akamaliza, na lililosemwa pale halikumrudia mtu kama adhabu. Makosa mangapi yalifia uani, hatukuwahi kuhesabu.

Machi mwaka juzi tulikuwa na haraka. Mkurugenzi alisema duara litakula nusu siku, nami nikaitikia. Nilikuwa nimeona orodha moja ikichanganya ng'ombe hai na waliokufa, nikajiambia nitaisema kwenye duara. Duara halikuwapo, nikanyamaza. Toleo likatoka.

Rra Ntesang, mzee mfugaji wa Gantsi, alipakia ng'ombe thelathini kwenda machinjioni. Langoni programu yetu ikaonyesha kwamba wote walishakufa. Walirudishwa juani, na kumi na mmoja hawakufika nyumbani.

Mma Gaolatlhe alinichukua tukaenda Gantsi kwa mzee huyo.

"Mma, ng'ombe wangu mmewaua mara mbili," mzee alisema. "Kwanza kwenye simu, halafu barabarani."

"Ndiyo, rra. Hatukuja kujitetea. Tumekuja kusikia."

Alisikiliza hadi alasiri. Njiani kurudi nilishindwa kuvumilia, nikamwambia kosa lile nililiona.

"Uliogopa nini, mwanangu?"

"Sikuogopa, Mma. Hapakuwa na pa kusemea."

"Mdomo si ulikuwa nao?"

Tulipofika kijiji cha Kang, alininunulia chai. Siku iliyofuata alirudisha duara, na kwa miaka miwili hakuna ng'ombe aliye hai tuliyemwandika marehemu. Siri yangu hakumwambia mtu. Ninaitoa mwenyewe leo, nikiona aibu.

Tangu tuhamie jengo jipya, duara limefutwa kwenye ratiba. Mwenye wasiwasi atajaza fomu. Wiki iliyopita Mma, akiwa kwenye kiti chake cha kukunja, alituuliza nani atalishika duara akiondoka. Kila mtu alitazama simu yake, na mimi nikatazama yangu. Akakunja kiti chake taratibu, akakiegemeza ukutani, akaenda kuosha kikombe. Sijawahi kumwona amechoka vile.

Ahsante, Mma, kwa miaka yako, kwa glavu, na kwa chai ya Kang ambayo sikuistahili. Nenda salama kwenye zizi lako Serowe, mvua ikukute huko mapema, na afya isikupungukie.

Jumatatu toleo jipya linatoka. Saa mbili asubuhi nitakuwa uani na kiti changu, na chako nitakiweka wazi kando yangu. Sijui kama kuna atakayekuja. Nikiwa peke yangu, nitaanza kusema mimi.