Gauni Lililopunguzwa

Fundi wa mageti hakuwa na mazoea ya kusikiliza ya watu, lakini wanawake wawili waliokaa mbele yake kwenye basi hawakunong'ona.

"Mimi ni mshonaji," alisema mwenye mfuko. "Binti yangu hali chakula, amekonda hadi nguo zinamvuka. Nikaona aibu. Kila wiki, akienda kuoga, napunguza magauni yake kwa siri ili yamkae."

Mwenzake, aliyevaa sare ya hospitali, akageuka mzima mzima. "Kwa hiyo kila akivaa, gauni linambana vilevile?"

"Ndiyo. Naye ananiambia, 'Mama, ona, sijapungua hata kidogo.'"

Fundi akawaza kazi yake. Yeye akikosea kipimo, geti linagoma kufunga, basi.

"Mama," alisema mwenye sare, "kazi yangu ni kupiga picha za ubongo, na wagonjwa kama yeye nawaona. Wakiutazama mwili wao, hofu inawaka kichwani kama jiko. Kioo hawakiamini. Binti yako amebaki na gauni tu kuwa shahidi, nawe umemfundisha shahidi kusema uongo."

"Alilazwa jana. Ameomba gauni lake. Hili hapa, nimelipunguza tena."

"Lifumue."

"Likimpwaya atajua nilimdanganya. Na kijiko anakipokea mkononi mwangu tu, dada! Akinikataa, nitamzika."

"Na asipojua?"

Basi likasimama hospitalini. Mshonaji akashuka, mkono mmoja umezama mfukoni, vidole kwenye mshono wa gauni. Kama alikuwa anaufumua au anaushikilia, fundi hakuweza kuona.