Bibi Aonje Kwanza

Ninyi vijana mtakaoyasoma haya, tulieni. Niliyasema kwanza mbele ya akina mama wa usharika wetu, na sasa nayaandika kama nilivyoyasema. Shule niliionja kidogo tu, enzi za Mwingereza, ya kutosha kusoma kitabu cha nyimbo. Majina ya watu sitayataja. Wanaojijua wanajijua.

Nilizaliwa Rwamishenye nikaolewa Muleba, nikakaa miaka mingi bila mtoto. Wanawake wakinyamaza nilipofika kisimani, nilijua wananisema mimi mgumba. Mama mkwe wangu yeye hakunyamaza. Alimwambia mwanawe, nami nasikia jikoni, kwamba kibanja chake, shamba lao la nyumbani, hakitarithiwa na migomba, atafute mke mwingine. Mume wangu akajibu kwamba Kanisa halimruhusu, yakaisha. Kwake yaliisha. Kwangu hayakuisha.

Kisha Mungu akanipa binti.

Ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo watu hawalisemi. Nilidhani siku nitakayomshika mtoto wangu moyo utatulia. Haukutulia, ndiyo kwanza ukaanza kukimbia. Mtoto akilala sana namwamsha nione kama anapumua. Na sikuwa na wa kumwambia nimechoka, maana nilipojaribu, jirani alinijibu, "Si ulimlilia mwenyewe?" Nikafunga mdomo. Nikaanza kuwatazama watu mikono, nani ameshika sumu ya kumpa mwanangu.

Aliyemsifu mtoto nilimshuku kwa kumsifu, aliyekaa kimya nilimshuku zaidi. Lakini wa kwanza wa wote alikuwa mama mkwe. Sasa alikuja kila siku, na ndizi mbivu, na senene wa kukaanga, na maneno matamu. Nikajiuliza, utamu huu ulikuwa wapi miaka yote ile?

Mnajua desturi yetu Wahaya: mwenye nyumba akimletea mgeni pombe ya ndizi, hunywa yeye kwanza, mgeni aone haina kitu ndani. Hiyo ni ya pombe, na ni ya wageni. Mimi niliichukua nikaipeleka kwenye chakula cha mtoto. Bibi akileta ndizi, nampigia magoti kwa heshima zote, namwambia, "Mama, onja kwanza." Siku ya kwanza alinitazama sana. Kisha akamenya, akauma, akatafuna polepole, akampa mjukuu wake. Ikawa ndivyo kila siku, na mimi natazama koo lake kama kweli amemeza.

Msicheke. Mnaocheka hamjazaa baada ya kukata tamaa.

Mtoto akakua akiona hayo. Alipojua kusema, sikuwa na haja ya kuamuru tena, aliamuru mwenyewe. Jirani akimpa muwa, anaambiwa aonje. Mwishowe hakula kitu mpaka nikionje mimi, hata kama wengine wameonja. Nikafurahi. Nikasema nimemfundisha akili.

Basi, msimu wa kahawa, mume wangu akapeleka kahawa Bukoba mjini, nami nikashikwa na homa ambayo ilinilaza nisijue asubuhi wala jioni. Mama mkwe akahamia kwetu kuniuguza. Nilipopata fahamu nilimwona mtoto amekaa kwenye majani yaliyotandazwa sakafuni, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Mbele yake jani la mgomba lenye ndizi na maharage. Bibi yake yuko chini karibu naye, amelia.

Akaniambia mtoto hajala tangu nilipozidiwa. Maji tu ndiyo anakunywa, akiyachota mwenyewe mtungini. Yeye ameonja, majirani wameitwa wakaonja, mtoto anasema mama hajaonja.

Nikajiinua nionje. Tumbo halikukubali, nikatapika palepale. Mtoto alipoona natapika, akasogea mbali na lile jani.

Ndipo mama mkwe akasema, "Mke wa mwanangu, nilikusema vibaya, kweli. Nilitaka mjukuu. Sasa ninaye, unataka nimtazame akinifia mikononi? Mwambie ale. Mimi hanisikii, na nimeonja mpaka nimeshiba."

Nikamtazama mikono, kama kawaida yangu. Sitawadanganya kwamba shaka iliniondoka, ilikuwapo palepale. Ila niliona kwamba anayemuua mtoto wangu ni hiyo shaka, na hapakuwa na mwingine. Nikamwambia binti yangu, "Kula. Chochote bibi anachokupa, kula. Mimi sitaonja tena."

Alinitazama, akamtazama bibi, akafungua mdomo. Bibi akamlisha kidogo kidogo.

Namshukuru mama mkwe wangu, ingawa ametangulia. Nawashukuru majirani walioitwa kuonja chakula kama wachawi, wakaja, wakaonja, wala hawakuninunia. Na wewe mama uliyesubiri sana, hofu yako si dhambi. Mtafute mtu umwambie umechoka, na akikujibu vibaya mtafute mwingine. Lakini hofu usimlishe mtoto. Mimi watu nawashuku mpaka leo, ndivyo nilivyo, ila nawashuku peke yangu.

Mume wangu aliporudi, nami nimepata nguvu za kuketi, niliwaita wote wa nyumbani nikawaambia: "Jumapili mtoto anakwenda kwa bibi yake. Atakula huko, atalala huko. Mtu asimfuate kumchungulia. Na mimi nikitaka kwenda, nizuieni mlangoni."