Jina Nililolinyoa kwenye Nyasi

Sogeeni karibu, Firmin na Octavie, mmoja akalie sanduku la makaa kama kiti hakitoshi, na hizo nyuso za matanga ziwekeni kwanza, sijafa bado. Padri amekuja na ameondoka, nimemwambia ya Mungu. Haya ya leo ni yenu, maana niliyemkosea ni marehemu baba yenu Anselme, kaka yangu wa tumbo moja, na ninyi ndio damu yake iliyobaki.

Mali yangu mnaiona yote kutoka hapo mlipo. Jiko mpeni mama wa ghorofa ya chini, aliyenipandishia supu ya vitunguu baridi yote hii. Paka ataamua mwenyewe. Patasi zangu msihangaike kuziuza, tangu kamera iingie majaridani hakuna tena anayechonga picha kwenye mbao, mtachekwa bure.

Sikilizeni basi, wala msinikatize. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mimi na baba yenu tukifanya kazi kwa Bwana Rouvel, aliyetengeneza picha za jarida la sanaa. Kila mwaka wachoraji walipofungua onyesho lao kuu, mhariri alituchagulia mchoro mmoja wa kurasa mbili, nasi tukauchonga kwenye vipande sita vya mbao ngumu, kila mtu na chake, kisha vikakazwa pamoja kwa skrubu, na mtu mmoja mwenye mkono mwepesi akapitisha mistari juu ya maungio ili msomaji asione mshono. Mtu huyo nilikuwa mimi. Mwaka ule ulikuwa mchoro wa wanawake wakichuma zabibu. Baba yenu alichonga mbingu, shamba na mkokoteni, mimi nikachonga nyuso na mikono, naye akaniapia kwamba tutaweka majina mawili.

Jumamosi asubuhi tukapaka mbao wino, tukalaza karatasi nyembamba, tukaisugua kwa mgongo wa kijiko ili tuone chapa ya majaribio, na nilipoibandua nikasoma pale chini kwenye nyasi: Anselme Courtin, peke yake. Nikamuuliza, kaka, na mimi? Akacheka, na hakuwa mtu mbaya, wallahi hakuwa. "Zélie, dada yangu, nani atanunua picha iliyochongwa na mwanamke? Ubini ni wa baba yetu sote, jihesabu umo." Wenzetu wakadakia: "Mtengenezeeni na sanamu uwanjani!" Wakaenda kula, wakiniachia maungio ya mwisho niyamalize.

Hasira hasara, wanangu. Nilitwaa patasi nikalinyoa lile jina kwenye ubao, herufi kwa herufi, na kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa kumenya kitunguu.

Jarida likatoka Alhamisi, na kwenye nyasi palikuwa na doa jeupe, na chini yake limetajwa jina la Rouvel tu. Baba yenu alikuja amelishika, akamuuliza kila mtu mle ndani isipokuwa mimi. Mimi hakunidhania. Akamwita Bwana Rouvel mwizi mbele ya watu, akafukuzwa, na hakuna karakana nyingine iliyompokea. Akaishia kupaka rangi vibao vya wauza nyama. Na mimi nikanyamaza. Nikapewa meza yake, ile ya dirishani.

Mnakumbuka picha ile ilivyotundikwa kwenye kilabu cha Poulard, pale baba yenu alipokunywa divai yake? Aliigonga kwa kidole akisema, "Hii kazi yangu," nao wakamjibu, "Naam, na mimi ndiye niliyejenga kanisa kuu!" Firmin, ulikuwa na miaka kumi na moja ukamvuta mkono: "Baba, twende, unatuaibisha." Usiinamishe kichwa. Uwongo ule niliutia mimi mdomoni mwa watu, ukakufikia wewe mtoto.

Alikuwa akija kwangu Jumapili, ameshika mkate. Nilishindwa kumtazama akila. Mwisho nikaacha kumfungulia, nikasimama nyuma ya mlango huo hapo, namsikia akiita, "Zélie, umelala?" kisha viatu vyake vikishuka ngazi. Mlidhani shangazi yenu ana kiburi. Ilikuwa haya. Miaka thelathini na moja nimekula peke yangu, na kila Jumapili nilikuwa nakata mkate vipande viwili.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini lipo tone moja. Firmin, teremsha kile kioo cha ukutani, bandua ubao wa nyuma. Taratibu, mwanangu, karatasi hiyo ni nyepesi kama ganda la kitunguu. Ndiyo ile tuliyoisugua kwa kijiko, kabla sijalinyoa jina. Sikuwa na moyo wa kuichoma.

Ipelekeni kwa Poulard, itundikeni juu ya ile nyingine, na waliomcheka walio hai waitwe wasome. Wakiuliza nani alilinyoa, nitajeni, msinifiche. Na mimi... mnizike karibu naye kama patapatikana nafasi, lakini msalaba wangu msiuandike kitu. Hapana, Octavie, usibishane na maiti. Uwe mtupu.

Mungu awape... nipeni maji kidogo. Mungu awape mlango wa kugonga na mtu wa kuufungua. Msinyimane jina ninyi wawili, mnasikia?

Sioni vizuri tena. Octavie, isogeze dirishani. Pale chini, kwenye nyasi. Nisomee jina la baba yako, kwa sauti, asikie.

Tena.