Maman Emérence, Mwenye Alibebwa kwa Kipoyo Kutafuta Pensheni

Ndugu na jamaa, mimi ni Thierry, ndugu mudogo wa marehemu. Familia imeniomba nisome. Mutanivumilia, nimechoka.

Maman Emérence M'Mugisho alizaliwa Mudaka, tarehe 14 mwezi wa tatu 1953, mutoto wa kwanza wa Papa Mugisho. Alisoma primaire kwa masista, kisha akashuka Bukavu kusomea kazi ya kuzalisha. Baba aliuza ng'ombe kwa ajili ya masomo hayo, na wajomba wakamucheka: ng'ombe nzima kwa mutoto mwanamuke! Baadaye bibi za wajomba wale wote walizalia mikononi mwake.

Alianza kazi 1975, katika maternité ya serikali hapa Kasha. Wengi kati yenu munaosimama hapa, yeye ndiye aliwapokea. Siku moja polisi alikuwa anafukuza wamama wanaouza samaki ndogo za sambaza kando ya barabara. Maman akamuuliza jina la mama yake, akafikiri kidogo, akamwambia: «Wewe ulizaliwa bila kulia. Nilikupiga matako ndipo ukalia. Nitarudilia.» Polisi akaenda zake.

1977 aliolewa na Papa Firmin Kalume, fundi wa mbao, kwa mahari na kwa kanisa. Walizaa watoto wane, mumoja akatangulia. Papa Firmin alituacha 2009.

Umri wa kuacha kazi ulifika, Maman akaupita. Miguu ilikuwa imevimba, na bado anapanda kilima kila asubuhi. Musimucheke. Kwetu, mutu wa serikali akitoka kazini mushahara unakatwa, na pensheni inabaki maneno. Kwa hiyo wazee wanabaki pale mpaka wanaanguka, na vijana wanangoja. Ariane, muzalishaji kijana, alifanya kazi kando yake miaka mingi bila mushahara wa serikali, sababu nafasi ilikuwa ya Maman. Walipendana sana. Lakini kila mumoja alimufungia mwingine njia, na wote wawili walijua.

2022 tukaambiwa mambo ya pensheni yametengenezwa upya: wazee watoke, watalipwa. Sisi tulimukataza. Akajibu tu: «Ariane naye anazeeka.» Akatoka. Wenzake wakamusindikiza mpaka nyumbani kwa nyimbo, wakamuvika kikwembe kipya. Ariane akapata nafasi. Maman hakupata kitu.

Kisha figo zikaanza kumusumbua. Mwezi wa nane 2024, redio ikatangaza kwamba ujumbe kutoka Kinshasa unahesabu wazee kule chini mujini. Kila mutu ajionyeshe mwenyewe, mwenye hataonekana atafutwa kwenye orodha. Maman hakuweza tena kusimama. Tukatengeneza kipoyo, kitanda cha miti cha kubeba mabegani, kama vile wazee wetu walibeba wagonjwa, na Ariane akakataa kuachia muti wa mbele. Asubuhi ile kulikuwa baridi. Tukamufunika kikwembe mpaka kichwani, na hapo ndipo tulikosea. Watu wakaona kipoyo, wakaona mutu amefunikwa. Wamama wakaanza kilio, wanaume wakavua kofia, wakafuata nyuma. Maman akatoa kichwa: «Musilie bado. Kwanza pensheni.»

Tulicheka mpaka tukaweka kipoyo chini. Basi kila mutu akataka kumusalimia, na kwetu haupiti mugonjwa bila kumupa mukono. Tulipofika, ujumbe ulikuwa umefunga, wako njiani kwenda kupanda ndege Kavumu. Tukamupandisha kilima tena. Mimi nilikasirika siku ile, na hasira bado iko.

Alikufa nyumbani, tarehe 9 mwezi wa kumi 2024, alfajiri. Ariane alikuwa amemushika mukono.

Anaacha watoto watatu, Pascaline, Dany na Delphine, wajukuu tisa, mimi ndugu yake, na Ariane, mwenye tunamuhesabu kama mutoto wa nyumba.

Jana wametuma habari: ujumbe utarudi mwezi ujao, wazee wajitayarishe. Tunajibu hapa mbele ya watu wote kwamba Maman Emérence hatashuka tena. Kule anaenda, hakuna mwenye atamuomba aonyeshe kama iko hai.

Lala, Yaya, dada yangu mukubwa. Sasa unaweza kuacha kazi.