Mzee Lebo na Kanda ya Pili

Tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, mtunza kanda wetu anarudisha funguo za maktaba ya sauti baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika kituo hiki cha redio. Ofisi ya utumishi imeniomba kurasa mbili za kumuaga, ziwe fupi na za kuchangamsha. Ufupi nitajitahidi. Hilo la pili silitolei ahadi, maana nimekaa naye chumba kimoja kwa miaka kumi na tisa, na miwili ya mwisho haikuwa ya kuchangamsha.

Wengi mnamjua kwa jina la Mzee Lebo, na wapo wanaodhani ndilo lililo kwenye kitambulisho chake. Jina alilipata kihalali. Kila kitu chumbani mwetu kina karatasi yake ndogo nyeupe, yenye herufi kubwa zilizonyooka: KIKOMBE CHANGU. KIKOMBE CHA MGENI. DIRISHA, LISUKUME, LISIVUTWE. Siku ya tatu baada ya kuhamia humo nilikuta karatasi kwenye mgongo wa kiti changu: FUNDI MITAMBO. Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Alinieleza kwa upole kwamba kitu kisichoandikwa hakina mwenyewe. Shemeji, mkewe, alituambia siku moja kwamba nyumbani ni yeye peke yake ambaye hajabandikwa karatasi, na kwamba anaishi kwa wasiwasi.

Aliajiriwa tarehe mosi Julai, kijana wa miaka ishirini na sita, akiwa msaidizi wa kuhifadhi kanda. Wakati huo kanda zilikuwa zile kubwa za magurudumu, nazo zilikuwa chache, kwa hiyo kituo kilizitumia tena na tena. Kazi yake ya kila asubuhi ilikuwa kupitia zilizorundikwa mezani, kutenga za kuhifadhiwa, na nyingine kuzipitisha kwenye mashine ya kufuta. Kanuni ya nyumba ilikuwa moja, na aliyemfundisha kazi aliisema mara moja tu: kanda isiyo na lebo ni kanda tupu. Mashine yenyewe haikusikilizishi chochote. Unaweka kanda juu yake, unabonyeza, inanguruma kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, basi. Halafu unaandika kwenye daftari la kufuta.

Toka hapo alipanda hadi kuwa mkuu wa maktaba, na maktaba ikapanda pamoja naye, kutoka rafu tatu hadi kanda zaidi ya elfu kumi na moja. Bomba lilipopasuka ghorofani, alihamisha rafu nzima mikononi, peke yake, suruali imekunjwa magotini, na hakukubali msaada kwa sababu alisema tungechanganya mpangilio. Wakurugenzi wanne wamepita, na kila mmoja aliwahi kumjaribu kwa kumwitisha hotuba ya zamani iliyosahaulika. Hakuna aliyesubiri zaidi ya dakika tano. Ukimsifu kwa hilo anatazama viatu.

Ndiyo maana rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilikuwa na sentensi ambayo ofisi ya utumishi iliipenda sana: “Katika miaka thelathini na minne hakupoteza kanda hata moja.” Nilimpelekea aisome, kama tunavyofanya kwa kila mstaafu. Aliirudisha baada ya siku mbili. Hakugusa kingine chochote, hata pale nilipomtania kuhusu kitambi. Sentensi ile alikuwa ameikata kwa rula. Ofisi ilitaka kujua kwa nini, naye akaniambia niandike mimi, kwa kuwa nilikuwepo.

Miaka miwili iliyopita, tulipoanza kuhamishia kanda za zamani kwenye kompyuta, tulisogeza rafu ya ukutani ambayo haikuwahi kusogezwa. Nyuma yake kulikuwa na kasha la kanda, limevimba kwa unyevu, halina lebo. Kwenye kona yake ilikuwepo tarakimu 1 kwa penseli nene nyekundu. Kwa kanuni ile ya zamani kilikuwa kitu cha kutupa. Mzee Lebo, kwa sababu ambayo hajawahi kunieleza, alikipangusa kwa mkono wa shati akaiweka kanda kwenye mashine.

Haikuwa kipindi. Hakukuwa na mtangazaji wala salamu. Yalikuwa magita mawili na mtu anayepiga kreti ya soda kwa viganja, watu wanaojipigia tu baada ya kazi. Wanaanza wimbo, wanauacha, wanacheka, wanaurudia kwa mwendo mwingine. Mlango unalia. Kitu cha bati kinagonga sakafu. Aliyeongoza gita alikuwa na mkono ambao, niseme ukweli, uliniachisha chai ikapoa. Karibu na mwisho gita linanyamaza, na mwanamume anasema, karibu kabisa na maikrofoni: “Basi ngojeni, kanda inaisha. Wekeni ya pili. Huu wa binti yangu nauimba mwenyewe.” Halafu hakuna kitu. Dakika thelathini na moja kwa jumla.

Nilidhani tutaihamishia kwenye kompyuta na kuendelea na nyingine. Sikumjua bado. Kanda isiyo na mwenyewe ilimnyima raha kuliko jino bovu. Alianza na ule mlango. Aliusikiliza ukilia kwa siku nzima, kisha akaenda kwenye madaftari ya matengenezo, akakuta kwamba mlango wa studio namba mbili ulilalamikiwa miezi kadhaa na ukarekebishwa Agosti ya mwaka ule ule alioajiriwa. Kwa hiyo kanda ilikuwa ya kabla ya hapo. Akatafuta waliokuwa kazini wakati huo. Dereva alikwisha kufa, mlinzi wa geti naye vilevile. Fundi wa zamu alihama, na hakuna aliyejua alikoelekea. Akabaki mama mmoja, mfagizi mstaafu, anayeishi na mjukuu wake nyuma ya kituo cha mafuta.

Tulimpelekea sauti kwenye simu. Alisikiliza macho yamefumba, na kile cha bati kilipogonga sakafu akafumbua. “Hiyo ndoo ni yangu,” alisema. “Ilinitoka mkononi, na yule afande wa getini akanicheka mpaka nikamnunia wiki nzima.”

Kwa mama huyo tulipata yote. Mpiga gita alikuwa seremala, kibarua aliyeitwa kurekebisha mlango wa studio namba mbili. Kazi ya nusu saa, naye aliivuta miezi mitatu, kwa sababu ndani ya studio lilikuwemo gita la kituo, na mlango ukipona hana tena sababu ya kuingia. Kila Ijumaa, watu wakishatoka kazini, alikutana humo na dereva kwenye gita la pili na mlinzi kwenye kreti. Ijumaa moja ya mwanzoni mwa Julai fundi wa zamu aliwawekea kanda. Seremala alikuwa na mtoto wa siku tisa, na alikuwa amemtungia wimbo. Zilijaa kanda mbili, naye mwenyewe akaandika namba kwenye makasha kwa penseli aliyokuwa akiiweka nyuma ya sikio. Majina, akasema, wataandika Jumatatu. Jumapili alipanda paa la mtu mmoja, akateleza. Jumatatu ilikuwa maziko.

Mtoto wa siku tisa sasa ni fundi cherehani, ana duka lake karibu na soko, na tulimpata bila taabu. Alilelewa na shangazi yake. Ana picha moja tu ya baba, amesimama na msumeno, mdomo umefumba. Mzee Lebo alipomweleza kuhusu kanda ya kwanza, binti hakuuliza habari za gita. Aliuliza, “Anaimba?” Na Mzee Lebo, mtu ambaye hakubali hata kwamba ni Ijumaa mpaka atazame kalenda, akamwambia, “Kwenye ya pili, mwanangu. Nitakuletea.” Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilitamani ningemvuta shati.

Aliitafuta miezi kumi na minne. Alimaliza stoo zote za kituo, akaenda kwenye nyumba za mafundi wa zamani, akapekua maboksi ya watu chini ya vitanda vyao huku wakimwangalia. Likizo zake mbili za mwisho ziliishia humo. Mahali pamoja tu hakutazama, nalo ni daftari la kwanza la kufuta, lililokuwa kwenye kabati lake mwenyewe. Hakulifungua kwa sababu hakujishuku. Mimi nami sikumwambia alifungue, maana nisingeweza kumshuku.

Alilifungua Februari mwaka huu, alipokuwa akisafisha kabati kwa ajili ya anayekuja. Nilikuwa nikichomelea waya, nikaona amekaa chini sakafuni. Alinyoosha kidole kwenye mstari mmoja. Herufi kubwa, zimenyooka: JULAI 19. KANDA MOJA. HAINA LEBO. ALAMA KWENYE KASHA: 2, PENSELI NYEKUNDU. IMEFUTWA. IMEPEWA HALI YA HEWA. Chini yake saini yake, wiki ya tatu ya kazi. Mzembe yeyote angefuta na kurudi kwenye chai yake bila kuandika habari za penseli, na leo tusingejua lolote.

Kanda ile ya hali ya hewa bado ipo, kwa kuwa yeye aliitunza. Niliiweka kwenye mashine yetu bora. Kanda iliyofutwa ovyo hubakiza mnong’ono chini ya sauti mpya, na kwa siku nne nilipunguza hiki na kupandisha kile, nikimtafuta mtu anayeimba nyuma ya mvua za alasiri na upepo wa wastani. Hakuna kitu. Mzee Lebo aliifuta vizuri, kama alivyofanya kila kazi aliyopewa hapa. Sijawahi kuombea mwenzangu awe mvivu, ila wiki ile niliomba.

Nilimshauri amwambie yule binti kwamba panya walikula. Naliandika hili kwa aibu yangu mwenyewe. Aliniuliza panya hao tuwaandikie lebo gani. Kesho yake tukaenda dukani. Alisimama mbele ya cherehani, kofia mkononi, akasema, “Mwanangu, kanda ya baba yako niliifuta mimi.” Binti aliendelea kukanyaga mpaka akafika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

“Uliisikiliza kabla ya kuifuta?”

“Hapana. Kanuni haikutaka.”

“Inachukua muda gani kufuta?”

“Kuhesabu hadi kumi.”

Aliitikia kwa kichwa. Akasema ana mteja anayesubiri nguo. Dukani hakukuwa na mteja.

Wiki mbili baadaye alikuja kituoni bila kutuarifu. Nilimpa kiti changu na hedifoni, nikamwonyesha kitufe cha kurudisha nyuma. Zile dakika za gita alizipita haraka. Alikwenda moja kwa moja kwenye maneno ya mwisho, kanda inaisha, wekeni ya pili, huu wa binti yangu nauimba mwenyewe, akarudisha, akasikiliza, akarudisha. Niliacha kuhesabu zilipofika mara ishirini. Mzee Lebo alikuwa amesimama nje kwenye korido muda wote, na binti alipotoka alimpisha njia. Binti aliondoka na nakala. Hajasema kwamba amemsamehe, na Mzee Lebo hajamwomba aseme.

Tangu hapo Mzee Lebo amefanya mambo matatu. Aliiandikia lebo kanda ya kwanza, ndefu kuliko zote alizowahi kuandika: seremala, dereva, mlinzi, fundi wa zamu, ndoo ya mama mfagizi, mlango wa studio namba mbili, na mwisho kabisa, kanda ya pili ilifutwa, aliyefuta ni mtunza kanda. Akabandika karatasi kwenye mashine ya kufuta: SIKILIZA KWANZA. Mashine hiyo haijawashwa kwa miaka tisa. Tena mwezi uliopita alikwenda kwa yule binti kupimwa suti ya kuvaa siku ya kuagwa. Nilimwambia anajitafutia maumivu. Alisema mafundi wengine hawamjui.

Binti alimpima, akaimaliza wiki moja kabla ya siku. Ndiyo suti mtakayomwona nayo ukumbini, na mtakubali kwamba imemkaa. Nguo zote za duka lile zina kitambaa kidogo shingoni chenye jina la fundi. Nimeona koti likiwa limetundikwa kwenye kiti chetu, nikaligeuza. Shingoni hakuna kitu. Mzee Lebo naye alikuwa ameligeuza kabla yangu, na mwaka wowote mwingine angechukua kalamu na karatasi yake nyeupe palepale. Safari hii amekubali kuivaa hivyohivyo.

Ofisi ya utumishi imeniomba mara mbili niirudishe ile sentensi, kwa kuwa inapendeza. Nimeirudisha, kama alivyoisahihisha mwenyewe, na ameomba isomwe kwa sauti hata kama yule binti atakuwepo. Katika miaka thelathini na minne, Mzee Lebo alipoteza kanda moja. Tunamshukuru kwa zile nyingine zote elfu kumi na moja, tunamshukuru Shemeji aliyetuazima mume, na tunamtakia huko nyumbani siku njema, nyingi, na usingizi.