Mama Dini Zote Anaweka Chaki Chini

Tarehe thelathini mwezi huu, Mwalimu wetu wa Dini za Dunia anastaafu. Ameitumikia shule hii miaka thelathini na mmoja. Mimi, fundi wa shule, nimemzidi miwili, na ndiyo maana kazi ya kuandika maneno haya imenifikia, ingawa masomo niliyaacha darasa la nne na wala sikuyaaga.

Walimu vijana walianza kwa kuiagiza akili mnemba, ile programu ya kompyuta inayojibu kila inachoulizwa, imwandikie wasifu. Ikaandika upesi. Ikasema Mwalimu anapenda bustani na kwamba tabasamu lake liliangaza korido zetu. Mwalimu akausoma wote, akauweka mezani, akasema anakaa ghorofa ya tatu na hana hata chungu cha maua, kwa hiyo aandike mtu aliyewahi kumwona amekasirika. Hapo wote wakanigeukia mimi.

Alifika hapa akiwa msichana mwembamba mwenye sanduku la vitabu zito kuliko yeye. Nililibeba peke yangu hadi juu na sikupumzika kwenye ngazi. Aliyekuwepo na abishe. Akapewa chumba cha mwisho kwenye korido, kile ambacho dirisha lake halifungiki mpaka ulipige kiganja, na akapewa somo ambalo hakuna aliyelitaka. Dini kubwa zilikuwa na walimu wake. Yeye aliachiwa zilizobaki: Wajaini, wanaojihadhari wasikanyage hata sisimizi, Wamandayo, wanaobatizana kwenye maji yanayotiririka, Wazoroasta, ambao dini yao ni ya kale sana, na wengine ambao nikitaka kuwataja ulimi unateleza. Kitabu cha shule kiliwapa wote hao kurasa mbili. Yeye aliwapa mwaka mzima. Wanafunzi wakamwita Mama Dini Zote, naye akaitika.

Watundu walikuwa wakimuuliza katika hizo zote yeye anaifuata ipi. Aliwajibu kuwa anafuata ratiba, na ratiba inasema watoe madaftari.

Kazi ile ilimla taratibu. Miguu ilivimba, sauti ikakwaruza. Ilipoletwa akili mnemba, mkuu wa shule alitutangazia kuwa sasa mzigo wa walimu utapungua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Zamani Mwalimu alisahihisha kazi za wanafunzi. Sasa akawa anasahihisha za wanafunzi na za mashine iliyowaandikia. Nyaya zote za mitambo ile nilizifunga mimi na hadi leo haujakatika hata mmoja. Niliijaribu pia. Niliiuliza ni nani aliyeliezeka paa la bwalo mwaka ule wa upepo mkali. Kwa adabu kubwa ikanitajia kampuni ambayo haijawahi kukanyaga hapa. Tangu siku hiyo hatusalimiani.

Mwalimu hakuikataa kama mimi. Alisema ina faida, inawapa watoto picha za mahekalu ambayo yeye asingeyafikia hata angeuza samani zake zote. Ila alisimama kando ya skrini, akaikatisha kila sentensi mbili na kuuliza darasa kama hilo ni kweli. Ilikuwa kazi ya kuchosha hata kuitazama.

Mwaka jana mkuu alimwomba abaki miaka miwili zaidi kwa mkataba. Mwalimu hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikuwa amechoka, na sio uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ule wa kuamka nao. Sote tulijua anataka kwenda nyumbani. Angekwisha kukataa, isipokuwa likatokea la mjukuu wa fundi cherehani.

Huyo fundi cherehani ni bibi mwenye duka nyuma ya uzio wetu, na ndiye anayeshona sare za shule. Mjukuu wake, binti, anasoma darasani kwa Mwalimu. Ni Wazoroasta, familia pekee ya dini hiyo katika mji huu, na darasani kila mtu alilijua hilo. Siku moja baada ya chakula cha mchana ikawa zamu ya kuiuliza mashine kuhusu dini yao. Mwalimu, kwa mara ya kwanza, hakusimama kando ya skrini. Alikaa. Mashine ikasoma kwa sauti kwamba watu hao huabudu moto, kisha ikaongeza sikukuu ya kuoga maziwa, ambayo haipo popote duniani. Mwalimu amefundisha miaka yote hiyo kwamba hawauabudu moto, kwamba moto kwao ni alama ya nuru na usafi na huuelekea wanaposali. Hilo angeweza kulisema hata usingizini. Tatizo ni kwamba alikuwa usingizini kweli.

Kilichomwamsha ni kicheko. Akasahihisha papo hapo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kesho yake, kwenye foleni ya bwalo, wenzake wakamwambia binti apige magoti mbele ya jiko, mungu wake anachemsha chai. Keshokutwa hakuja. Wiki ikapita hakuja.

Hapo ndipo Mwalimu aliponifuata karakana, uso umemwanguka. Akaniambia hawezi kustaafu huku mtoto ameacha shule kwa somo lake, na kama itabidi asaini ule mkataba wa miaka miwili ili amrudishe, atasaini. Nikamwambia avae viatu vyake vya kutembelea. Bibi yule namfahamu. Ananishonea ovaroli na hajawahi kunipunguzia bei, ingawa nimemtengenezea kufuli mara ngapi.

Tulimkuta anashona kola. Hakuacha. Mwalimu akaomba radhi akiwa mlangoni, akaeleza kuwa mashine ilikosea. Bibi alimaliza mshono kwanza.

"Mashine haina bibi wa kuifundisha," akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekaa, mama. Nilisinzia. Nimechoka."

"Hata mimi nimechoka. Kutwa nakaa na mashine. Lakini nguo ya mtu siiachii mashine ijiendee."

Mimi nilifungua mdomo nimtetee Mwalimu, akanikanyaga mguu. Akamwomba bibi aje darasani, aisahihishe mashine mwenyewe mbele ya watoto. Bibi akasema atafikiria, akatuonyesha mlango.

Alikuja. Nilimwekea kiti kizuri, kile cha ofisi ya mkuu. Akapewa karatasi yenye maneno ya mashine, akayapitia kwa kalamu mstari kwa mstari, akiwaeleza watoto walio mbele yake ni wapi imesema kweli na ni wapi imetunga. Alipofika kwenye maziwa alicheka hadi akavua miwani. Chini akaandika imejitahidi, irudie darasa. Watoto wakacheka naye, na safari hii mjukuu wake alikuwa kwenye mstari wa nyuma, ameletwa na bibi kwa mkono.

Kuanzia hapo Mwalimu akaweka utaratibu. Jibu la mashine haliingii daftarini mpaka mtu wa dini hiyo ameulizwa, kwa simu, kwa barua pepe, kwa njia yoyote. Asipopatikana mtu, jibu linabaki ubaoni na chini yake huandikwa: bado hatujauliza. Ubao ulijaa. Walimu wengine walilalamika kuwa huko ni kuchelewesha muhtasari wa masomo. Walalamike.

Lakini binti alikaa mstari wa nyuma wiki nyingi bila kufungua kinywa, na mkataba ukakaa mezani kwa Mwalimu bila saini. Nilimwona akiutazama kila nilipoingia kupiga lile dirisha.

Mwezi uliopita mwalimu kijana wa historia aliingia darasani kujifunza kulifundisha somo hili. Wakaiuliza mashine kuhusu Wajaini, ikamwaga maelezo mazuri, yaliyonyooka kama rula, na kijana akaanza kuyasoma kwa imla. Kalamu zikashuka kwenye madaftari. Kutoka nyuma mkono ukainuka.

"Samahani, Mwalimu," binti akasema. "Hayo tumemuuliza nani?"

Darasa zima likaacha kuandika. Kijana akamtazama Mama Dini Zote, naye akatazama dirishani asimsaidie. Basi kijana akaichukua chaki, akaandika ubaoni kwamba bado hatujauliza. Kengele ilipolia, Mwalimu alishuka ngazi polepole hadi ofisi ya mkuu, akarudisha mkataba bila saini, akasema somo limepata wa kulishika, na sio mmoja.

Mwalimu, kwa niaba ya walimu, makarani, wapishi, na kwa niaba yangu mimi niliyebeba lile sanduku, tunakushukuru. Umetuchosha na maswali, nasi tumekuchosha na majibu. Nenda nyumbani ukapandishe miguu juu ya kiti. Uishi vizuri, ulale fofofo hata mchana, na asikuamshe mtu.