Alama ya Bukari

Tulikuwa ndani ya taxi-bus ya Kasapa wakati treni ilipolia huko mbali. Mama mmoja mwenye sufuria iliyofungwa kitambaa mapajani akamkamata mkono kijana wa pembeni, mwanafunzi wa udaktari mwenye koti jeupe la hospitali.

"Pardon, mutoto yangu. Treni ikilia, roho inanitoka. Wakati tulifukuzwa huku Katanga, siye bantu ba Kasai, nililala kwa gare ya treni na bazazi miezi mingi. Nilikuwa kadogo. Bantu banasema iko bulozi, uchawi."

"Hapana, maman. Woga ya butoto inaachaka alama kwa mwili, hata kwa namna mwili inasomaka jeni zake. Haiko bulozi, haiko wazimu."

"Aksanti, Mungu!" Mama alipumua kama mtu aliyeshinda kesi. Kisha akakunja uso. "Sasa, kule gare, Mama Kyungu, Mukatanga wa bale balitufukuza, alikuwa ananiletea bukari ya unga ya mahindi kila mangaribi, giza ikiingia, kisirisiri. Ile bukari haikuacha alama?"

Kijana, ambaye tangu kituo cha Golf alikuwa na jibu la kila kitu, alisema wataalamu bado wanachunguza.

"Banachunguza nini? Niko hapa!"

Gari lilisimama. Mama aliinua sufuria yake, mvuke ukatoka. "Mama Kyungu amezeeka, hapikake tena. Njo maana niko namupelekea bukari ya moto."